Tabaruku ya Profesa Lyatuu

Nyie mnaojifanya mahakimu wa kila ugomvi wa mtaani, sogeeni. Leo nina kesi yenu.

Profesa Tumsifu Lyatuu amestaafu juzi. Maisha yake yote alichunguza jambo moja: wabunge wa Uingereza wa zamani, enzi zile walipomkata mfalme wao kichwa. Usicheke! Wamemcheka vya kutosha. "Kwani historia ya kwetu imekwisha?" walimuuliza. Hakuoa, wala vijiweni hakuonekana. Sasa kitabu chake cha pekee kinachapwa, na kina ukurasa wa tabaruku, ule wa kumtunukia mtu kitabu. Anataka jina moja tu, maana tabaruku si kadi ya harusi. Lakini wanaostahili ni watatu.

Kuna Bwana Whitlock, mzee wa maktaba kule Uingereza. Miandiko ya enzi zile ni mikwaruzo ya kuku. Whitlock alikaa na Tumsifu, enzi za masomo yake kule, majira yote ya baridi, herufi kwa herufi, mpaka akaweza kuisoma mwenyewe. Katika mji ule, hakuna mwingine aliyemwita Tumsifu kwa jina.

Kuna Kandida, mwanafunzi wake wa zamani. Chuoni kwao somo lisilo na mwanafunzi hufutwa, na mwaka mmoja alijiandikisha yeye tu. Profesa akafundisha mbele ya viti vitupu kwa sauti ya kujaza ukumbi. Siku moja binti akauliza, "Mwalimu, wale wabunge waliokaa kimya mfalme akihukumiwa, walirudi nyumbani wakawaambia nini wake zao?" Lo! Swali hilo ndilo lililozaa kitabu.

Halafu kuna Aikande, dada yake mkubwa. Mama yao alifariki wiki ambayo Tumsifu alikuwa akitetea tasnifu yake ughaibuni. Aikande akazika, ndipo akapiga simu. Tumsifu alikuwa keshafaulu.

"Ungeniambia, dada!" alilia.

"Ungeacha kila kitu ukarudi. Nimemzika mama peke yangu, Tumsifu. Unadhani nilipenda?"

Mpaka leo Tumsifu hajui amshukuru au amlaumu, na inamuuma.

Mchapishaji anataka jina kesho. Jana Aikande kampigia: "Kiingereza sikijui, mdogo wangu, lakini jina langu nikiliona nitalijua." Akakata simu. Profesa amebaki mezani, nyumba kimya, kalamu mkononi.

Haya, semeni. Kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?