Kwa Nini Uyoga Aliacha Sikio Nje

Subiri kwanza, Nakijwa, usiuvute hivyo. Mjukuu wangu una haraka mno. Umeuliza kwa nini uyoga huu una umbo la sikio, na kwa nini hauoti popote ila kwenye magogo. Weka kikapu chini nikueleze, halafu tutachuma.

Zamani Uyoga hakuwa na kwao. Wenzake msituni walikuwa na majani, wakijipikia chakula kwa jua. Yeye hakujaliwa jani wala mzizi, na jua hilohilo lilimkausha tu. Asipopata pa kuingia kabla ya kiangazi angekufa, na alilijua hilo.

Akapita mti kwa mti akipiga hodi. Miti ikakaza magome, ikanyamaza, kama watu wanaokula wakisikia hatua za mgeni. Mvule mzee peke yake ndiye aliyemhurumia.

"Mwanangu," alimwambia, "nikiwa nimesimama sina nafasi, majani haya yananimaliza. Siku nikianguka, njoo karibu."

Masika yalipoisha, Mvule akaanguka. Uyoga akaenda, akapiga hodi. Kimya. Akapiga tena, safari hii amebandika sikio kwenye gome asikie vizuri. Kimya. Alikuwa na adabu zake huyo, na mwenye adabu haingii nyumba ya watu bila kuitikiwa. Akabaki nje, jua likizidi kumkunja.

Konokono akapita, akamwona. "Dada, unangoja nini hapo?"

"Nangoja karibu. Mvule aliniambia akianguka, nije karibu."

"Marehemu haitikii hodi. Si alikwambia njoo karibu? Basi ndiyo hiyo."

"Lakini ilikuwa karibu ya kuingia, au karibu ya kusogea tu?"

Konokono akamwambia hayo akayaulize akiwa ndani, maana nje anakufa. Uyoga aliona aibu kweli, lakini kufa hakutaka. Akaingiza mwili wote gogoni, akaanza kula. Sikio akaliacha nje lisubiri jibu.

Na tangu siku hiyo Uyoga anaishi ndani ya miti iliyoanguka, akiilainisha mpaka inakuwa udongo, nasi tunaona sikio tu. Kiangazi sikio hilo hujikunja, likawa gumu kama ngozi ya kiatu cha zamani. Mvua ikinyesha hukunjuka, likaendelea kusikiliza. Kwa hiyo chuma taratibu. Na ukimwona shangazi yako anakuja, usimwambie karibu hapa. Uyoga akilisikia neno hilo atavuta sikio lake ndani, na sisi leo tutakula ugali mkavu.