Chereko na Zamu ya Jabali

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni sauti ya wenye njaa. Wakubwa nanyi itikieni, msiwaachie watoto peke yao. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumekuwa wengi.

Hapo zamani za kale palikuwa na jabali kubwa, jeusi, lenye nyufa nyingi. Ndani ya nyufa hizo waliishi pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene, hana mkia wa kuonyesha mtu, na kazi anayoipenda kuliko zote ni kuota jua. Asubuhi wanatoka. Wanajilaza juu ya mwamba. Wanafumba macho. Wanaota jua, wanaota jua, mpaka matumbo yanapata moto. Kisha wanashuka kula.

Lakini angani alikuwepo Tai. Na Tai naye alikuwa na kitu anachokipenda kuliko vyote. Alipenda pimbi.

Kwa hiyo pimbi walikuwa na sheria. Kila siku mmoja wao anapanda kileleni. Huyo ndiye wa zamu. Hali, halali, hasinzii. Anatazama juu tu. Akimwona Tai anapiga mluzi: fyuuuu! Na wote wanaingia nyufani, purukushani! Hakuna kuuliza, hakuna kumalizia kutafuna.

Katika jabali hilo aliishi Chereko, pimbi wa kike, mchangamfu, mwenye maneno mengi na tumbo lililoyazidi maneno. Aliishi na mama yake, Bi Mkunde, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mama haoni mbali. Lakini masikio yake, jamani! Jani likidondoka, anakuambia limetoka mti gani.

Siku moja kunazi ziliiva. Chini ya jabali palikuwa na mkunazi, na kunazi zikaanguka, po! po! po! Pimbi wote wakashuka, wakala. Nani alikuwa wa zamu? Chereko. Akakaa kileleni anameza mate. Macho yanatazama juu, pua inatazama chini. Jioni aliposhuka akakuta nini? Kokwa. Kokwa tupu, zimelambwa mpaka zinang'aa.

Chereko akawaka. Akamwendea mzee Mashavu, ambaye ndiye aliyepanga zamu.

"Mjomba Mashavu, nimewalinda kutwa nzima. Chakula changu kiko wapi?"

Mashavu alikuwa bado anatafuna. "Sheria inasema wa zamu hali."

"Haisemi asiachiwe."

"Sheria ni sheria, mama."

"Nani aliitunga?"

"Uliikuta."

"Basi niliikuta, na hapa hapa ninaiacha! Mimi si mtumwa wa mtu. Kuanzia leo zamu sipandi. Niko huru!"

Pimbi wakaguna, mmh! Wakamtazama Mashavu. Atamfanyaje? Kamba ya kumfunga hana. Kumfukuza hawezi, ni mtoto wao. Mashavu akavuta pumzi, akasema, "Usipande." Akaendelea kutafuna.

Ukweli usemwe, maisha ya Chereko yalikuwa matamu. Akaota jua. Akala. Mluzi ukilia, fyuuuu! anaingia ndani kama wengine, kwa sababu mluzi hauchagui masikio. Akalindwa bila kulinda. Akanenepa, akapendeza.

Wenzake wakamtazama. Chonge akasema, "Kama Chereko hapandi, mimi napandia nini?" Kidoti akasema, "Hata mimi." Kesho huyu, keshokutwa yule. Mwishowe asubuhi moja Mashavu akaita wa zamu, na jabali zima likamjibu, "Niko huruuu!" Mashavu akakasirika. "Basi hata mimi niko huru!" Akajilaza kando yao, na kilele kikabaki kitupu.

Siku hiyo pimbi walicheka sana. Wakajinyoosha juani. Wakafumba macho.

Mmoja akafumbua jicho, akatazama juu, akafumba. Mwingine akafumbua. Chereko naye akafumbua. Nani anatazama? Hakuna. Basi itabidi nitazame mwenyewe. Wakashuka kula: jani moja, macho juu. Jani moja, macho juu. Chonge akajing'ata ulimi. Kidoti akaugonga mti, ngo! Muda si mrefu jabali zima lilikuwa huru, na jabali zima lilikuwa linaumwa shingo. Mnacheka? Jaribuni kula wali huku mnatazama dari.

Na Bi Mkunde je? Macho ya kujitazamia hakuwa nayo. Alikuwa akiutegemea mluzi, na mluzi haupo. Akakaa ndani. Chereko alimletea majani, lakini kidogo, maana aliyachuma huku anatetemeka. Mama akakonda. Yeye aliyependa jua akawa anashinda gizani. Chereko alimwangalia akaumia moyo.

Asubuhi moja njaa ikamzidi mama. Akatoka taratibu, anafuata harufu ya kunazi, mpaka chini ya mti. Akaokota moja. Nya, nya, nya.

Kivuli kikapita juu ya mwamba.

Chonge akakiona, akakimbia. Kidoti akakiona, akakimbia. Mashavu akakiona, akakimbia na unene wake wote. Chereko akakiona, akakimbia. Macho yote yaliona, na hakuna mdomo hata mmoja uliosema. Chereko akafika ndani, moyo du! du! du! Akageuka. Akamwona mama yake, peke yake katika uwanja mzima, anatafuna kunazi na uso umejaa raha.

Hapo Chereko hakuwaza uhuru wala sheria. Alitoka. Akauparamia mwamba mpaka kileleni, mahali ambapo Tai atamwona yeye waziwazi, akajaza pumzi.

Fyuuuuuuu!

Masikio ya mama yakasimama. Kunazi ikamdondoka. Akachupa, akajibanza kwenye mizizi ya mkunazi. Tai akamkosa. Akageuka kwa hasira, akamjia aliyepiga mluzi, vwuuu! Chereko akajitupa katika ufa wa karibu. Makucha yakampitia mgongoni, yakaondoka na manyoya. Manyoya tu. Tai akaenda kutua mbali anatema manyoya, ptu! ptu! na sisi hatumwonei huruma.

Mama akaja anapapasa mwamba. "Nani wa zamu leo?"

"Hakuna, mama."

"Mbona nimesikia mluzi?"

"Nimepiga mimi."

"Nani kakutuma?"

Chereko akaangua kilio. "Hakuna aliyenituma. Na ningekuwa nimekaa pale tangu asubuhi, ungeusikia mapema. Nisamehe, mama."

Mama akampapasa mgongo. Akagusa pale pasipo na manyoya, akamvuta kwake.

Jioni pimbi wote wakakutana. Chereko akasimama katikati, kipara mgongoni. "Nilikosea kuiacha zamu, naomba radhi. Lakini kuuliza sikukosea. Anayekaa juu naye ana tumbo."

Mashavu akatazama kucha zake. Kisha, kwa shida, akasema, "Kunazi zake siku ile nilizila mimi. Nikajificha nyuma ya sheria."

Basi wakaanza kujadiliana. Mabishano! Utani! Kila mtu na lake. Mwisho wakakubaliana. Kila mwenye macho atapanda, na Mashavu pia. Jua la utosi likifika, wa zamu anapokewa. Fungu lake linawekwa kando kabla mtu hajaonja. Yeyote atakayemwona Tai atapiga mluzi, awe wa zamu asiwe wa zamu. Na anayeona sheria imemwonea atasema mbele ya wote, na atasikilizwa. Ila hashuki kileleni kabla mwenzake hajapanda.

Asubuhi Chereko akaomba apande yeye wa kwanza. Akapanda, akakaa. Chini yake Chonge na Kidoti wamejimwaga juani. Mashavu anakoroma. Na Bi Mkunde yuko nje, juani, tumbo linapata moto, kafumba macho yake kama mtoto aliyeshiba. Hakuna shingo hata moja iliyoinuka. Chereko aliwatazama mara moja tu, akafurahi mpaka masikio yakamcheza. Wote wale wamefumba macho kwa sababu macho yake yeye yako wazi. Akayarudisha angani.

Basi funzo ni hili, nalisema wazi asije mtu akaniuliza njiani. Sheria njema ndiyo inayotupa nafasi ya kuwa huru, na kila anayeufaidi uhuru ana zamu yake ya kuulinda. Sheria ikikuonea, sema mbele ya wenzako muirekebishe pamoja, lakini usikiache kilele kitupu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Pimbi nimewaacha juani wanaota jua lao, nami nakwenda zangu kupumzika.