Kiongozi Aliyeficha Upofu Wake

Wamepokezana wasimulizi wa habari za waja wema, na ujuzi kamili uko kwa Mwenyezi Mungu, kwamba palikuwa na mtu katika mji wa Ruwaita aliyeitwa Mughithi bin Rafii, na kazi yake ilikuwa kuongoza misafara ya mahujaji kulivuka jangwa hadi Makka. Kwa miaka thelathini hakupoteza hata mtu mmoja. Alikuwa akifunga Jumatatu na Alhamisi, hapokei ujira kwa mjane wala yatima, na mwaka wa ukame mkubwa aliwagawia wagonjwa maji ya kiriba chake mwenyewe, yeye akafika kisimani hawezi kutamka neno kwa ukavu wa koo. Watu walimpenda, na alistahiki kupendwa. Nayatanguliza haya ili asije mtu akadhani kwamba nasimulia habari za mtu mwovu.

Ila yake ilikuwa moja. Hakuweza kustahimili kuonekana amepungukiwa. Hata akiwa imamu, aya ikimponyoka katikati ya Sala, aliona afadhali aende rukuu upesi kuliko kungoja maamuma amkumbushe. Watu walilichukulia hilo kuwa ni haiba ya mtu mkubwa, naye akalizoea.

Alipotimiza miaka sitini, mtoto wa jicho alimwingia macho yote mawili. Alianza kuyaona mambo kama mtu atazamaye kupitia kitambaa kilicholowa, kisha hata hayo yakafifia, akabakiwa na kiza na mwanga tu. Akajifunza kuwatambua watu kwa sauti na kwa hatua zao, na mjini hakuna aliyejua, isipokuwa mkewe Lubaba, aliyemwona siku moja akimimina maziwa kando ya bakuli.

Msimu wa hija ulipokaribia, Lubaba alimwambia mumewe kwa jina lake la heshima, "Abu Sahli, hawa ni wageni wa Mwenyezi Mungu. Waambie watafute kiongozi mwingine, au umchukue mtu akuangalilie njia. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Mughithi akajibu kwamba njia ile angeipita hata akiwa usingizini, na kwamba Mola hamtupi mja mwenye nia njema. Kisha akamwapisha asimwambie mtu. Lubaba akaapa kwa shingo upande, akaweka sharti moja, kwamba watafuatana. Alitaka kuwa macho ya mumewe kwa siri. Lakini aliwahi kuipita njia hiyo mara moja tu, katika ujana wake, akiwa ndani ya machela iliyofunikwa, na hakujua lipi la kuangaliwa na lipi la kupuuzwa.

Wakatoka watu arobaini. Miongoni mwao alikuwamo mfumaji mmoja, Thabiti bin Ausi, aliyekuwa akimpeleka mama yake mzee kuhiji. Siku tatu walikwenda salama, kwani njia ya huko ilikuwa imekanyagwa sana na ngamia wenyewe waliijua. Siku ya nne wakafika mahali njia inapofutika mchangani, na alama yake ni kilima cha mawe meusi, ambacho msafiri hukiacha kushotoni. Mughithi akamwuliza mkewe kwa sauti ya chini kama anaona kilima cheusi mbele. Akasema anakiona. Basi akaunyanyua mkono kama ilivyokuwa desturi yake, na msafara ukamfuata.

Hapo Thabiti akamsogelea, akatoa salamu kwa adabu, akasema, "Shekhe, niwie radhi. Niliwahi kupita hapa na wachuuzi wa chumvi. Kilima ninachokikumbuka kilikuwa kimepasuka kileleni. Hiki ni kizima."

Mughithi akajua kwamba ndivyo kilivyo kweli, kilima kile kimepasuka. Ilimpasa kumwambia kijana yule neno moja tu, amweleze anachokiona. Lakini watu walikuwa wamesimama wakisikiliza, naye akawaza miaka thelathini, na namna sauti zao zingebadilika wakijua. Akasema, "Nilikuwa nikiongoza misafara kabla mama yako hajakuzaa. Je, wewe ndiye kiongozi, au mimi?"

Baadhi ya watu wakacheka. Thabiti akainamisha kichwa, akaomba radhi, akarudi kwa mama yake, na hakusema tena.

Jioni yake hawakukiona kisima walichokitarajia, wala kesho yake. Mughithi akawaambia wasubiri, kwamba subira ni nusu ya imani. Neno lenyewe ni la haki, lakini aliligeuza pazia la kujifichia. Siku ya sita viriba vikakauka. Siku ya saba wakafa wazee watatu, na mmoja wao alikuwa mama yake Thabiti. Wakawatayamamisha kwa mchanga, kwa kuwa maji ya kuwaoshea hayakuwako, wakawasalia na kuwazika. Kesho yake asubuhi akafa kijana mmoja mwenye nguvu, aliyekuwa amempa mwanamke mwenye mtoto fungu lake lote la maji.

Adhuhuri ya siku hiyo Lubaba naye akaanguka. Mughithi akampakata kichwa. Ulimi wa mkewe ulikuwa umevimba, akasema kwa taabu, "Waambie, Abu Sahli, maadamu wako wa kuambiwa." Kisha akatamka shahada, akafariki.

Mughithi akainuka, mchanga ukiwa kwenye ndevu zake, akasema, "Enyi wageni wa Mwenyezi Mungu, mimi sioni. Sikuwa nikiona tangu tulipotoka Ruwaita. Thabiti alisema kweli, nami nilijua kwamba anasema kweli. Nimewapoteza kwa kuogopa aibu."

Mtu mmoja aliinua fimbo, kisha akaishusha. Thabiti ndiye aliyekuja akaketi mbele yake, naye kiongozi akamwuliza kwa unyenyekevu, "Mwanangu, unaona nini?"

Akamweleza kwamba upande wa machweo kuna ukingo mrefu wa mwamba, ulioinama katikati kama mgongo wa ngamia aliyelala. Mughithi akauliza kama chini yake pana weupe wa chumvi. Akajibiwa pana weupe. Akauliza kama weupe huo unaishia kusini au kaskazini. Akajibiwa kusini. Basi jangwa lote likamfungukia moyoni kama alivyolijua miaka yote, akasema kwamba kisima kiko nyuma ya ukingo ule. Wakajikokota, na jua halijachwa walikuwa wakinywa.

Yeye hakunywa mpaka alipolazimishwa. Alikuwa akiyarudia yale maswali matatu. Kwa maswali matatu tu, yaliyoulizwa siku ya nne, watu watano wangekuwa hai.

Thabiti alimjia akilia, akasema, "Laiti ningesema mara ya pili."

Mughithi akamshika mkono. "Ulisema, mwanangu. Mimi ndiye niliyekunyamazisha. Usinibebee mzigo wangu."

Thabiti akauongoza msafara hadi Makka, na Mughithi akahiji akiwa ameshikwa mkono. Waliporudi Ruwaita hakungoja habari zimtangulie. Alikwenda nyumba hadi nyumba kwa wafiwa, akawasimulia kwa kinywa chake mwenyewe, asipunguze kitu. Wengine walimsamehe wakilia, wengine walimlaani, naye alizipokea laana zao.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama wa yule kijana aliyetoa maji yake. Bibi yule alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Ungemwambia mwanangu kwamba huoni, angekushika mkono. Ndivyo nilivyomlea." Akaufunga mlango taratibu.

Inasemekana Mughithi aliishi miaka saba baada ya hapo, na hakupita siku asiyataje maneno hayo katika istighfari yake. Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na wale aliowapoteza. Hakuwa mlevi wala mwizi, wala hakuiacha Sala. Lililomwangusha ni jambo ambalo wengi wetu tunalilea vifuani mwetu na kuliita heshima.