Siti Muna, Marikebu ya Bahari na Mashua ya Mto

Katika zama ambazo majini na wanadamu walikuwa wakisalimiana njiani, mji wa Zaharani ulitawaliwa na Sultani Jabali bin Idarusi, mwenye haiba na hazina, na mji wake ulikaa pale Mto Rihani unapojimwaga baharini, hata watu wakifungua dirisha la mashariki huingia harufu ya chumvi, na wakifungua la magharibi huingia harufu ya majani mabichi.

Sultani huyu alikuwa na binti mmoja tu, Siti Muna, naye alipatwa na maradhi ya macho. Kila alipoamka aliiona dunia imerudi nyuma kidogo: kwanza ilipotea milima, kisha minara ya misikiti, kisha nyuso za watu waliosimama mlangoni, na vyote vilimezwa na ukungu mweupe kama maziwa. Kilicho karibu, kadiri ya mkono kufika, alikiona bado. Matabibu wakamwambia Sultani kwamba hata hicho kitakwenda zake kabla ya mvua kurudi.

Siti Muna akamwendea baba yake barazani, akapiga magoti, akasema, "Baba, sijapata kutoka nje ya kuta za mji huu. Nipe ruhusa nisafiri, niione dunia na kuiweka moyoni, ili giza litakaponijia linikute nina akiba."

Maneno yale yakamchoma Sultani. Alikuwa na pete ya akiki aliyorithi kwa babu zake, na ndani yake amefungwa jini aitwaye Zamhariri, mtumwa wa kila mwenye pete. Akaisugua, na baraza ikapoa, na jini akasimama mbele yao, mrefu kama nguzo ya moshi, ameinamisha kichwa kisigonge dari.

"Labeka, ewe mwenye pete."

"Mtafutie binti yangu chombo cha safari kisicho na mfano."

"Sikio limesikia, ewe Sultani wa masultani. Ila viapo vyangu vyaniruhusu kutoa safari moja tu kwa kila nafsi, na vyombo ni viwili. Cha kwanza ni marikebu Tajilbahari, yenye orofa saba, na mabirika ya maji ya waridi, na jiko lisilozima, na waimbaji, na mtumishi kwa kila abiria, nayo huzunguka bahari zote na kupita mbele ya maajabu yote. Cha pili ni mashua ndogo ipandayo mto. Huchukua watu wachache, hula kinachouzwa kandokando, husimama popote, na huenda pole pole hadi mto unapozaliwa. Atakachokichagua ndicho chake, na kile kingine kitayeyuka."

Sultani akacheka. "Hapo pana la kuchagua? Binti wa Jabali hapandi mashua ya wauza ndizi! Watu watasemaje?"

Siti Muna akamgeukia jini. "Na wewe, Zamhariri, ungechagua kipi?"

Macho ya jini yakajaa machozi, kwani majini nao hulia. "Nimeapishwa nisishauri, bibi yangu. Lakini kuonjesha sikukatazwa. Lala adhuhuri ya leo, ulale na ya kesho."

Basi adhuhuri ile alipolala akajiona yumo ndani ya Tajilbahari, na kitanda chake kilikuwa laini kama wingu, na vinanda vililia orofa kwa orofa, na wali wa zafarani uliletwa kabla hajasikia njaa, na upepo wa bahari ulimpanua kifua hata akahisi nafsi yake haina ukuta. Akafurahi furaha kubwa. Kisha abiria wote wakakimbilia upande mmoja wakipiga kelele, "Subhanallah! Kisiwa cha bilauri! Tazameni ndege wa moto!" Siti Muna naye akakimbia, akashika ukingo, akakodoa macho, na hakuona ila maziwa. "Tusogee karibu," akamwomba mtumishi. "Haiwezekani, bibi wa orofa ya juu. Chombo hiki ni kikubwa, miamba itakipasua." Akaamka na mto wa kitanda umelowa machozi.

Adhuhuri ya pili akajiona mashuani. Nafasi ilikuwa finyu, na kitanda kigumu, na mbu walimsalimu kabla ya abiria. Lakini kingo zilikuwa karibu hata majani yaliingia dirishani, na juu ya jani moja palikuwa na kinyonga akigeuza jicho, na Siti Muna akamwona mpaka kucha zake. Mwanamke aliyekuwa akifua akamwita, "We dada wa mashuani, shika!" akamrushia pera, na Siti Muna akalidaka, kwa kuwa aliliona likija.

Akaenda kwa baba yake. "Baba, bahari ni tukufu, na mwenye macho marefu na aende nayo. Macho yangu yafika urefu wa mkono, basi nataka dunia iliyo urefu wa mkono."

Sultani akamwinua binti yake kwa mikono miwili. "Nenda, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nikichagua fahari yangu." Na Tajilbahari ikayeyuka bandarini, orofa baada ya orofa, na nyimbo zake zikabaki hewani mpaka alasiri.

Nahodha wa mashua alikuwa Haruni bin Shekue, kijana wa mtoni asiye na maneno mengi. Wakapita miti inayonong'ona majina ya wapitao, na soko linaloelea ambako kasuku ndio wenye kupatana bei, na kijiji cha nyuki wa dhahabu ambao asali yao humrudishia mtu ndoto za utotoni. Na kadiri ukungu ulivyozidi kumsogelea Siti Muna, Haruni aliacha kumwonyesha vitu kwa kidole, akawa anaisogeza mashua mpaka kwenye vitu vyenyewe. Siku moja wakakwama mchangani, wakashuka wote kusukuma, na binti wa Sultani akasukuma akicheka, matope magotini. Haruni akamshika mkono asiteleze, na walipopanda tena wakasahau kuachana.

Mto ulipokuwa mwembamba kama utepe, Siti Muna aliona kiganja chake tu. Pale palikuwa na pango, na ndani yake jini kikongwe, Mama Umande, amekaa akisokota ukungu kama pamba.

"Mgeni!" akasema kwa sauti ya maji. "Wakubwa hawafiki huku, vyombo vyao havipiti. Mto huu nimeuzaa mimi, wala sijapata kuuona, maana siwezi kutoka pangoni. Nisimulie mwanangu amekuwaje."

Siti Muna akamsimulia yote, kinyonga na kucha zake, na pera, na kasuku, na matope, na ule mkono. Mama Umande akacheka na kulia, kisha akampapasa usoni, akashtuka. "Kumbe! Ukungu huu ni wangu. Ulinitoroka, ukashuka na maji, ukajikalisha machoni mwa mtoto wa watu." Akaushika ncha, akauvuta taratibu kama mtu avuaye utaji. Na cha kwanza alichokiona Siti Muna kilikuwa Haruni, amesimama mbali, kwenye mlango wa pango, akifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

Mama Umande akawajazia mashua mchanga wa dhahabu, akawaombea heri, akasema, "Nilikuwa pia na mtoto wa kiume, Zamhariri, aliyetekwa na pete. Mkimwona, mwambieni mama yake yu hai."

Wakarudi Zaharani, na Sultani akawaoza kwa karamu iliyoshibisha mji mzima, na kwa dhahabu ile Haruni na mkewe wakawa matajiri wenye mikono wazi. Sultani alipomwuliza bintiye ataka tunu gani ya harusi, akamwomba pete, na baba yake akaivua akaivunja juu ya jiwe. Tangu hapo Jabali alipenda kuwaambia wageni wake, "Chombo kizuri ni kile kinachomfikisha mtu kwenye ajabu yake, si kile kinachowashangaza walio bandarini."

Ama Zamhariri, aliye huru sasa na aliyekwisha kupewa habari za mama yake, alishuka gatini amejipunguza akawa na kimo cha mwanadamu, ana kikapu cha tende mkononi, akamwomba Haruni nafasi mashuani.

Haruni akastaajabu. "Wewe si hupaa? Kwa kufumba na kufumbua ungekuwa kwa mama yako."

"Hupaa," akasema jini, akiketi karibu na dirisha. "Lakini ataniuliza nimeona nini njiani."