Kunde za Mama Nyemo

Hadithi!

Njoo, tumeketi.

Ije na nini?

Na zeze lake.

Basi sogeeni. Na wewe uliyebandika mboga jikoni, ukae karibu na mlango.

Hapo kale, katika kijiji kimoja cha Ugogo, alikuwako mama mmoja na binti yake, Nyemo. Babake Nyemo alikuwa mpiga zeze, na alipofariki aliwaachia zeze lake na mbuzi mmoja. Kijiji kile kilikuwa na desturi: zeze lililokosa mpigaji nyumbani mpaka ngoma ya mavuno, wazee hulichukua wakalipeleka nyumba nyingine. Nyemo hakujua kupiga. Kila akilitazama ukutani, machozi yanamlengalenga.

"Mama, nitafutie mwalimu," akasema.

Mama akakubali. Lakini ada ya mwalimu ni mbuzi, na mbuzi ni huyo huyo. Akikosea kuchagua, mbuzi kaenda na zeze limeenda. Akawaza, akawazua, kisha akatangaza kwamba anayetaka kumfundisha Nyemo aje kwanza amfundishe yeye mama mtu, ambaye akiimba kuku wanahama. Na muda wa somo ni chungu kimoja cha kunde, tangu kinapobandikwa mpaka kinapoiva.

Akaja Malogo, mpigaji hodari kuliko wote, msinibishie. Akapiga, majirani wakaacha kupeta mtama. Akapiga tena, watoto wakacheza. Akapiga tena, hata mbuzi akatikisa masikio. Mama akasikiliza, akainuka akakoroga chungu, akaketi, akainuka akaongeza maji. Zeze halikutoka mikononi mwa Malogo. Kunde zikaiva vizuri. Malogo akala, akaaga.

Akaja Chibago, amevaa shanga za ualimu mpaka shingo haionekani. Akaeleza nani alimfundisha. Akaeleza nani alimfundisha huyo aliyemfundisha. Akaeleza ng'ombe gani alichinjwa siku alipohitimu. Mama akakoroga, akaongeza maji, akaonja chumvi. Kunde zikaiva vizuri kuliko za Malogo. Chibago akala, akaongezewa, akaaga.

Nyemo akaanza kukata tamaa. Mavuno yanakaribia, na mama yake anazidi kuwa fundi wa kunde tu.

Akaja Sechelela, mama wa makamo, asiye na maneno mengi. Akasema mapema kwamba kwa kupiga, Malogo anamshinda. Kisha akalitoa zeze ukutani akampa mama.

"Piga."

"Sijui."

"Ndiyo maana nimekuja. Piga nisikie usivyojua."

Mama akapiga. Jamani, afadhali mlango mkavu ukilia. Sechelela hakucheka. Akamsogeza kidole kimoja, akamwambia arudie. Akarudia. Akamlegeza kiwiko, akamwambia arudie. Akarudia. Mara ikatoka sauti moja, safi, na mama mwenyewe akashtuka.

"Ngoja nijaribu tena," akasema, na hakuna aliyemwambia.

Akajaribu tena. Akajaribu na nyingine. Wakasogea mbele kidogo katika wimbo, wakarudi nyuma, wakasogea tena. Nyemo ndiye aliyesikia harufu. Alipokimbilia jikoni, kunde zilikuwa makaa na chungu kimepasuka.

Mama akakitazama chungu, akalitazama zeze mikononi mwake, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Nyemo," akasema, "mfungulie mwalimu mbuzi wake."

Siku ile walishindia uji. Ngoma ya mavuno ilipofika, wazee wakaja kulichukua zeze, wakamkuta Nyemo amelishika. Akapiga wimbo wa baba yake tangu mwanzo hadi mwisho, na mama yake akalia mbele ya watu wala hakuona haya. Wazee wakarudi mikono mitupu, wanacheza njia nzima.

Tangu hapo, kijijini kule, ukimsifia mtu mwalimu, hakuulizi anapigaje wala alifundishwa na nani. Anakuuliza, "Kunde ziliungua?"

Hadithi yangu imefika, zeze limerudi ukutani. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda aniachie. Lakini nasikia harufu, jamani. Nani alibandika mboga?