Mkanda wa Amana na Deki Tatu

Alhamisi ya tarehe kumi na mbili Februari, saa nane na dakika kumi mchana, niliambiwa kwamba kaka yangu Mbaruku ametutoka. Wengi wenu mlikuwa nami makaburini, Mungu awalipe. Leo ni arobaini yake. Nimeombwa niseme maneno machache. Elimu yangu ni ndogo, kwa hiyo nitawapa mfano. Nivumilieni, nitakwenda polepole.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa na mkanda wa video, ile mikanda ya zamani, myeusi, mikubwa kama kitabu. Aliachiwa na mama yake. Zamani, bangili ya dhahabu ya mama ilipotea nyumbani, na mama akamshuku yeye. Kijana akapandwa na hasira, akamtolea mama yake maneno ambayo sitayataja humu msikitini. Akabamiza mlango, akaenda nchi ya mbali. Aliporudi baada ya miaka, mama ana wiki ya pili kaburini.

Dada yake akamkabidhi ule mkanda. Akamwambia, "Alijirekodi siku ya harusi yangu. Alitutoa wote chumbani, akabaki na yule mwanamke wa kupiga video. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema hii ni amana yako, asiitazame mtu mwingine."

"Alisema nini humu?"

"Nitajuaje, kaka? Si nimekwambia ni amana?"

Bwana yule akashikwa na hofu. Nani kati yetu asingeshikwa? Mtu umemtukana mama yako, mama amekufa, na maneno yake ya mwisho kwako yako ndani ya kijisanduku cha plastiki. Je, mna radhi humo, au mna laana? Akauzungushia mkanda kanga ya mama yake, akautia kwenye mfuko wa nailoni, akakaza fundo, akauweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Akaona ameutunza vizuri.

Siku moja akajikaza, akaenda kwa fundi wa redio na video. "Nataka deki ya kuchezea video," akasema. "Nina mkanda mmoja. Nataka uhamishiwe kwenye flashi, niutazame, basi."

Fundi akamtolea deki tatu. Bwana akagusa ya kwanza. "Hii je?"

"Hiyo ilikula mkanda wa harusi ya mwenyewe. Mkewe amemnunia mpaka leo."

Waliokaa pale barazani wakacheka. Bwana hakucheka. Akaiona ya pili, mpya, imo ndani ya boksi lake, haijawahi kufunguliwa. Uso ukamchanua. "Basi nipe hii."

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote," fundi akasema. "Imekaa miaka ishirini haijazunguka hata mara moja. Mipira yake ya ndani imekauka. Itaushika mkanda wako na haitauachia. Chukua hii ya tatu. Kuna mzee alikuwa akiicheza kila wiki, kwa hiyo iko hai. Tutaijaribu kwanza kwa mkanda usiokuuma, kisha tutie wako."

Ya tatu ilikuwa imechakaa, kifuniko kimepungua skrubu mbili.

"Mkanda wa mama yangu niutie kwenye takataka hii?"

"Takataka, ndiyo, lakini inazunguka, bwana mkubwa."

Bwana akasema atafikiri. Akaenda zake. Akarudi mwaka uliofuata, akauliza kama kuna nyingine. Siku hiyo umeme ulikuwa unakatikakatika, akaondoka. Safari nyingine fundi alikuwa na mafua, bwana akaogopa mkono utamtetemeka. Miaka saba, ndugu zangu. Mwisho fundi akamwambia, "Deki huiogopi, bwana. Unaogopa kilichomo kwenye mkanda." Bwana akakasirika, akamwita mjuaji.

Sasa, bwana huyu alikuwa na mjomba, mdogo wake mama, mzee mwenye mguu mbovu. Kila Idi kubwa mjomba alikuja na mkongojo wake mpaka mlangoni. Akikaribishwa ndani alikataa. Alikuwa na swali moja tu.

"Mpwa wangu, ule mkanda umeshautazama?"

"Bado, mjomba. Natafuta deki."

"Haya. Idi ijayo, inshallah."

Bwana akasema moyoni, huyu mzee ananikejeli, anataka kunisikia nikilaaniwa. Idi sita mzee alikuja. Idi ya saba hakuja, kwa sababu alikuwa amezikwa mwezi mmoja kabla.

Mlango ule kukosa mtu siku ya Idi kulimtisha bwana yule kuliko mkanda. Sikukuu ilipokwisha akafungua sanduku, akabeba mkanda ulivyo mpaka kwa fundi. Walipofungua nailoni, harufu ya unyevu ikawapiga usoni. Ukungu mweupe ulikuwa umetambaa juu ya utepe.

"Nani aliufungia kwenye nailoni?" fundi akauliza.

"Ni mimi. Nilikuwa nautunza."

Fundi akafungua kijisanduku. Akausafisha kwa pamba, taratibu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Akautia kwenye ile deki chakavu. Kwanza ikaja michirizi mitupu. Bwana akaziba macho kwa viganja. Kisha akasikia sauti ya mama yake.

"Mwanangu, bangili aliichukua mjomba wako. Amekuja mwenyewe, amenililia miguuni. Wewe nilikusamehe siku ileile, hata vumbi la mlango halijatua. Radhi zangu unazo. Nina ombi moja. Mwendee mjomba wako, umwambie umemsamehe. Nimemwambia asiseme neno, mimi nitakwambia. Atakuwa anakungoja."

Mnanisikia, ndugu zangu? Miaka saba bwana yule aliogopa kwamba hajasamehewa, kumbe amesamehewa siku nyingi. Aliyekuwa hajasamehewa ni yule mzee mlangoni, na msamaha wake ulikuwa umefungwa kwenye nailoni, chini ya nguo, unaota ukungu. Sasa bwana aende kumwambia nani? Alikwenda makaburini, akasema. Lakini je, yule mzee alikufa na nini kifuani?

Na sisi je? Nani hapa hana mtu anayemngoja, naye anasema bado natafuta maneno mazuri, natafuta siku nzuri? Tunasema tunachagua, na kumbe tunaogopa. Anayetungoja naye ana siku zake.

Nilianza kwa saa nane na dakika kumi. Sikuwaambia kwamba asubuhi ya siku hiyo kaka yangu alinipigia simu mara mbili. Tulikuwa tumekosana. Niliitazama simu ikilia. Niliogopa atakachosema, nikajiambia nitampigia jioni, nikiwa nimetulia.

Inueni mikono, tafadhali.

Ewe Mola, Mbaruku amekuja kwako. Alichotaka kuniambia unakijua Wewe. Kama alikuwa ananiomba msamaha, shuhudia kwamba nimemsamehe. Kama alikuwa ananisamehe, usimpunguzie ujira wake kwa sababu sikupokea. Mpanulie kaburi lake, mwondolee hofu ya humo. Warehemu wote waliotangulia wakiwa wanatungoja. Amin.