Punje ya Maharage na Mstari Mmoja

Haya, kaeni. Mwenye jibu tayari alimeze kwanza, maana sijauliza. Nawaletea watu watatu wa wodi ya watoto, katika hospitali moja ya milimani, kwenye baridi na migomba. Nawaomba msimpende yeyote kabla sijamaliza.

Wa kwanza ni Lugano, mfanya usafi. Kipaji chake ni macho. Miaka kumi na tisa ya kudeki imemzoesha kutazama kinachoanguka chini ya vitanda, na chini ya vitanda huanguka mengi ambayo hakuna aliyeyasema.

Wa pili ni Sista Atupele, muuguzi. Kipaji chake ni masikio. Akipita na sinia la dawa atakwambia ni mtoto yupi homa imempanda, kwa kilio tu.

Wa tatu ni Dokta Mbonea, mwanamke mdogo wa umbo, daktari pekee wa wodi ile. Kipaji chake ni mikono. Mshipa wa kichanga, mwembamba kama uzi, yeye huupata mara ya kwanza.

Basi akaletwa Bupe, mtoto wa miaka miwili, anakohoa na pumzi inakatika. Aliyempokea akaandika kwenye faili: nimonia. Zamu iliyofuata ikanakili: nimonia. Na iliyofuata hiyo. Siku ya tatu sindano zimeingia zote na midomo ya mtoto inabadilika rangi. Lakini faili limeshasema! Nani abishane na faili?

Asubuhi hiyo mama yake alikung'uta khanga aliyombebea. Zikaanguka punje tatu kavu za maharage, zikabingirika hadi kwenye ndoo ya Lugano. Lugano akasimamisha deki.

"Mama Bupe, mlikuwa mnapura maharage?"

"Ndiyo, siku aliyougua."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Kwenye turubai, anachezea punje na wenzake."

"Kikohozi kilianza polepole?"

"Hapana. Alikuwa anacheka, mara akapaliwa, akawa hivi. Sikusema, maana hakuna aliyeniuliza."

Mfanya usafi wa pale haruhusiwi kuzungumzia ugonjwa wa mtu. Mwenzake mmoja alishafukuzwa kwa hilo. Lugano akaacha ndoo katikati ya njia, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya wauguzi.

"Mtoto wa kitanda cha sita ana punje kwenye koo la hewa."

Sista Atupele akacheka. "Jamani, pisheni, Dokta Lugano yuko raundi!"

"Cheka, Sista. Mwanangu wa kwanza alikohoa hivyo hivyo, nikamzika. Mimi pia sikuulizwa."

Kicheko kikakatika. Sista Atupele akaenda kitanda cha sita, akaweka sikio kifuani kwa Bupe, akafumba macho. Wodi nzima inalia, redio inaimba dirishani, na yeye katikati ya kelele zote akasikia: tk. Mtoto akivuta pumzi, tk. Akiitoa, tk. Kitu kigumu kinapanda na kushuka ndani ya njia ya hewa.

Mwandiko wa jana kwenye faili ulikuwa wake. Akaukata kwa mstari mmoja, akaandika kando: *nilikosea*, akaweka sahihi. Kwa kosa hilo anaweza kuitwa mbele ya kamati. Kisha akamkalisha Bupe wima kifuani pake, maana akilala punje inaweza kuziba. Akamshika hivyo bila kubadilisha mkono, akihesabu pumzi kwa sauti, mpaka daktari alipofika.

Dokta Mbonea akainua picha ya eksirei kwenye mwanga. Haikuonyesha kitu. Punje ya maharage haionekani kwenye picha.

"Tumpeleke mkoani," mama akasema.

"Ni saa tatu za matope, mama. Kwa pumzi hizi, saa tatu hana."

"Wewe umeshawahi kuitoa?"

"Mara mbili." Dokta akaishusha picha. "Mmoja alipona."

Hakumficha. Akikataa, picha isiyoonyesha kitu itamlinda. Akijaribu na mtoto akafa, atakuwa amekufa mikononi mwake. Akanawa. Mtoto akapewa dawa ya usingizi, bomba jembamba lenye taa likapita kooni, na koleo refu likafuata. Mara ya kwanza punje ikateleza. Mara ya pili ikateleza, na pumzi ikasimama. Mara ya tatu ikatoka punje, imevimba maradufu kwa unyevu. Bupe akalia.

Sasa ndipo ninapokasirika. Wiki iliyofuata shirika moja likatoa nafasi ya masomo ya afya ya watoto, nafasi moja tu, kwa mtumishi wa ngazi yoyote. Mzazi ajaze fomu: *Jina la aliyemwokoa mtoto.* Mstari mmoja. Majina mawili, fomu inatupwa na nafasi inakwenda wilaya nyingine. Mwisho siku hiyo hiyo, saa sita mchana.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali ile, akampa Mama Bupe kalamu. "Andika daktari. Ndiyo kawaida."

"Kawaida ndiyo iliyonakili nimonia siku tatu," mama akamjibu.

Akawageukia wale watatu. "Ninyi mnasemaje?"

Lugano akasema, "Nina cheti cha kidato cha nne sandukuni. Kila mwaka nakipangusa vumbi."

Sista Atupele akasema, "Ningejua zaidi, nisingenakili."

Dokta Mbonea akasema, "Sitaki tena kumjibu mzazi 'mmoja alipona'."

Mtaniambia Lugano, kwa kuwa bila yeye hakuna aliyejua pa kutazama. Nami nitawauliza: neno la mfanya usafi lingefika wapi bila sikio la Sista? Mtaniambia Sista. Angeshikilia pumzi ile hadi lini? Mtaniambia daktari, maana akirudi bingwa ataokoa mamia. Sawa, lakini fomu haikuuliza nani ataokoa. Iliuliza nani aliokoa. Na mwaka mzima atakaokuwa masomoni, ni nani atakayeshika koleo?

Mama Bupe akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari. Saa ya ukutani ilibakiza dakika nne.

Mapajani pake, Bupe akakohoa. Mara moja tu. Vichwa vitatu vikageuka kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa anaitazama fomu tena.

Kikohozi cha kawaida, mafua tu. Lakini mama alikuwa ameviona vile vichwa, na dakika zimebaki tatu.

Kalamu hii hapa, shikeni. Je, wewe ungeandika jina la nani?